Makumbusho ya Paul W. Bryant, Tuscaloosa: yaingie ukiwa na mapengo matatu kichwani

Anayefika Tuscaloosa, Alabama, kwa ajili ya futiboli ya Kimarekani ana vituo viwili vikubwa: uwanja wa Bryant-Denny na makumbusho ya Paul W. Bryant, kocha maarufu wa timu ya Chuo Kikuu cha Alabama, yaliyofunguliwa mwaka 1988. Vyote viko kwenye barabara moja, nayo barabara pia imepewa jina la Bryant, na kati yake ni kama maili moja. Kiingilio cha makumbusho ni dola chache, na saa moja na nusu inatosha kuyazunguka bila haraka. Kwa bei hiyo huwezi kulalamika sana. Tunayapa nyota nne kati ya tano. Ile moja iliyobaki ndiyo inayotufanya tuandike kirefu: jumba lilijengwa kusherehekea washindi, ilhali timu hii ya chuo imeundwa vilevile na makocha waliofeli, na asiyewajua hao hawezi kuelewa kwa nini walioshinda wanaabudiwa.

Kwa msomaji aliyezoea soka, vipimo kwanza. Hii ni timu ya wanafunzi wa chuo kikuu, lakini uwanja wake unachukua watu wapatao 100,000, wakati Uwanja wa Benjamin Mkapa, Dar es Salaam, unachukua 60,000. Mji wenyewe una wakazi karibu sawa na viti vya uwanja. Mahasimu ni Auburn, chuo kingine cha jimbo hilohilo, na uhasama wao ni wa Simba na Yanga hasa: mwaka 1907 walitoka sare ya 6–6, wakagombana kuhusu masharti ya mechi iliyofuata, na hawakukutana tena hadi 1948. Alabama ilishinda 55–0.

Usianzie makumbusho. Anzia nje ya uwanja, upande wa kaskazini unaotazama University Boulevard, kwenye njia ambayo timu hupita siku ya mechi. Hapo zimesimama sanamu tano za shaba: Wallace Wade, Frank Thomas, Paul Bryant, Gene Stallings na Nick Saban. Sharti la kupata sanamu ni moja tu, uwe umeipa Alabama ubingwa wa taifa. Kuziona ni bure. Andika kwenye simu miaka ya kila mmoja: Wade 1923 hadi 1930, Thomas 1931 hadi 1946, Bryant 1958 hadi 1982, Stallings 1990 hadi 1996, Saban 2007 hadi 2023. Sasa tazama mapengo: 1947 hadi 1957, 1983 hadi 1989, 1997 hadi 2006. Ingia makumbusho ukiwa na mapengo hayo matatu kichwani, utaona mengi kuliko anayefuata vioo vya maonyesho tu.

Miaka ya mwanzo ipite haraka. Timu ilicheza mara ya kwanza mwaka 1892 dhidi ya vijana wa shule za sekondari za Birmingham, ikawafunga 56–0. Hakuna la kujifunza hapo. Simama kwa Wade. Tarehe 1 Januari 1926 aliipeleka Alabama California kucheza Rose Bowl, moja ya mechi kubwa za mwisho wa msimu zinazoitwa bowl, dhidi ya Chuo Kikuu cha Washington, wakati ambapo wengi waliamini timu za Kusini ni za kujazia ratiba. Washington waliongoza 12–0 wakati wa mapumziko. Alabama ikafunga alama 20 katika robo ya tatu pekee na kushinda 20–19. Watu wa Kusini, waliokuwa bado na donda la vita vya wenyewe kwa wenyewe, waliupokea ushindi ule kama wa eneo zima, si wa chuo kimoja. Wade hakuelewana na rais wa chuo, George Denny, yule aliyeachia uwanja jina lake. Mwezi Aprili 1930 alitangaza kwamba angeondoka msimu ukiisha, akamtaja Thomas awe mrithi wake, kisha akashinda mechi zote 10 za msimu huo, ya mwisho ikiwa 24–0 dhidi ya Washington State kwenye Rose Bowl. Makocha wachache wameondoka kwa jeuri tamu namna hiyo.

Thomas alicheza Notre Dame chini ya kocha maarufu Knute Rockne, na mfumo alioleta Alabama ulitoka huko. Timu yake ya 1934 iliifunga Stanford 29–13 kwenye Rose Bowl. Upande mmoja wa mstari alicheza Don Hutson, mmoja wa wadakaji bora kuwahi kutokea. Upande wa pili alikuwapo kijana mrefu wa Arkansas aliyejiita kwa mzaha "yule mwingine". Huyo ndiye Bryant. Mwaka 1943 Alabama haikuwa na timu kabisa kwa sababu ya vita, na Thomas aliacha kazi baada ya msimu wa 1946 afya ikiwa imemtupa mkono.

Pengo la kwanza lina makocha wawili. Harold Drew hakuwa mbaya. Timu yake iliipiga Syracuse 61–6 kwenye Orange Bowl ya 1953. Aliyefuata, J. B. Whitworth, ndiye wa kumchunguza: misimu mitatu, ushindi 4, vipigo 24, sare 2. Mwaka 1955 alipoteza mechi zote 10. Alichagua kujenga timu kwa chipukizi na kuwaweka benchi wakongwe, na mmoja wa waliosugua benchi alikuwa Bart Starr, robobeki, yaani mchezaji anayeongoza mashambulizi na kurusha pasi. Green Bay Packers, timu ya kulipwa, walimchukua Starr raundi ya 17 ya uchaguzi wa wachezaji mwaka uliofuata, mchezaji wa 200 kwenye orodha, naye akaja kushinda Super Bowl mbili za kwanza katika historia. Kocha anayefungwa kila wiki huku robobeki wa namna hiyo amekaa pembeni ni somo zima la ukocha.

Ndipo ukifika sehemu ya Bryant, ambayo kwa haki ndiyo kubwa, kila kitu kinapata uzito. Kuna nakala ya ofisi yake, na kuna kofia yake maarufu ya vimiraba vyeusi na vyeupe iliyochongwa kwa kioo cha kampuni ya Waterford. Wageni wengi hupiga picha ya kofia na kuendelea. Kofia ni pambo. Cha maana ni kwamba mtu huyu alikuwa tayari ametengeneza timu za Maryland, Kentucky na Texas A&M kabla ya kuitwa nyumbani, na alipoulizwa kwa nini anarudi alijibu kwamba mama ameita. Msimu wa 1958 alishinda 5, akafungwa 4, sare 1. Miaka mitatu baadaye alishinda mechi zote 11, na wapinzani wote kwa pamoja waliambulia alama 25 tu msimu mzima.

Hesabu yake Alabama ni ushindi 232, vipigo 46, sare 9, na mataji sita. Lakini ukitaka kumwelewa usitazame mataji. Tazama 1969 na 1970, misimu miwili aliyomaliza na ushindi sita sita. Wengi walidhani amekwisha. Kiangazi cha 1971 alikwenda kwa rafiki yake Darrell Royal wa Texas, akajifunza mfumo wa wishiboni, na akaufundisha kambini kwa siri. Tarehe 10 Septemba, Los Angeles, timu ya USC, Chuo Kikuu cha Southern California, iliyokuwa imejiandaa kuzuia pasi ikakutana na kitu kingine kabisa. Alabama ilishinda 17–10.

Wishiboni inafaa kuelezwa, maana bila hiyo picha za miaka ya sabini hazisomeki. Robobeki husimama nyuma ya senta, yaani anayempa mpira, na nyuma yake wakimbiaji watatu: fulbeki karibu, na hafubeki wawili nyuma ya fulbeki, mmoja kila upande, hivyo ukitazama kutoka juu unaona umbo la herufi Y. Mpira ukianza, mlinzi mmoja wa ndani huachwa makusudi bila kuzuiwa. Robobeki anamsoma: akibaki mahali pake, fulbeki anapewa mpira na kupita katikati, akimvamia fulbeki, robobeki anauchomoa na kukimbilia pembeni. Huko anamsoma mlinzi wa pili: akimjia yeye, mpira unarushwa kwa hafubeki wa nje, akimfuata hafubeki, robobeki anaingia mwenyewe. Faida yake ni kwamba walinzi wawili wanaondolewa mchezoni bila mtu kuwagusa. Ubaya wake ni mipira kuponyoka, maana inabadilishwa mikono kwa kasi huku watu wakigongana, na ukiachwa nyuma kwa alama nyingi huna njia ya haraka ya kurudi. Nebraska walilionyesha hilo mwisho wa msimu huohuo kwa kuifunga Alabama 38–6.

Kuhusu wachezaji weusi, usiridhike na hadithi fupi. Hadithi hiyo inasema USC walikuja Birmingham Septemba 1970, wakashinda 42–21, Sam Cunningham akawakimbia wazungu watupu, na siku ileile Kusini ikafumbuka macho. Kipigo kilikuwa cha kweli. Ila Wilbur Jackson, mweusi wa kwanza kupewa ufadhili wa kucheza futiboli Alabama, alikuwa ameshasajiliwa. Alikuwa mwanafunzi wa mwaka wa kwanza, na kanuni za wakati huo hazikuruhusu wa mwaka wa kwanza kucheza timu kubwa. John Mitchell, aliyehamia kutoka chuo cha miaka miwili, ndiye aliyetangulia kuingia uwanjani mwaka 1971. Na kabla yao wote, mwaka 1967, wanafunzi watano weusi walijitokeza kufanya majaribio bila ufadhili. Chuo chenyewe kilikuwa kimemfukuza Autherine Lucy, mwanafunzi wake wa kwanza mweusi, mwaka 1956, enzi za Whitworth, na gavana George Wallace alisimama mlangoni mwa Foster Auditorium Juni 1963 kuwazuia wanafunzi weusi Vivian Malone na James Hood, mwaka ambao Bryant alikuwa na Joe Namath kikosini. Jengo hilo lipo hapo hapo chuoni, na mbele yake kuna uwanja mdogo wa kumbukumbu wenye majina ya Lucy, Malone na Hood. Kwa maoni yetu ni sehemu ya ziara hii, si ziara nyingine. Iweke kati ya sanamu na makumbusho.

Sasa hesabu ya mataji, ambapo mgeni anapaswa kuwa macho kama mnunuzi sokoni. Alabama inadai mataji 18 ya taifa. Zamani ubingwa haukuamuliwa uwanjani. Uliamuliwa kwa kura na kwa hesabu za watu mbalimbali, na kila chuo huchagua hesabu inayokipendeza. Mataji ya kabla ya Bryant yaliingizwa kwenye orodha rasmi miaka ya themanini tu. Dhaifu kuliko yote ni la 1941: Alabama ilifungwa mara mbili na ilikuwa ya 20 kwenye kura ya shirika la habari la AP. Tungelifuta bila kusita. La 1964 ni la kura halali, lakini kura zilipigwa kabla ya mechi za mwisho, na Alabama ikafungwa na Texas 21–17 kwenye Orange Bowl ikiwa tayari bingwa. Mwaka uliofuata AP ikasogeza kura hadi baada ya mechi hizo, na aliyenufaika ni nani? Alabama yenyewe: ilikuwa ya nne, wote waliokuwa juu yake wakafungwa, Nebraska ikifungwa na Alabama 39–28. Mwaka 1973 yakajirudia. Kura ya makocha ya shirika la habari la UPI iliwapa taji, kisha Notre Dame wakawafunga 24–23, na UPI nayo ikahamisha kura yake. Kwa hiyo kanuni za kumpata bingwa zilibadilika mara mbili kwa sababu ya timu hii moja. La 1978 liligawanywa na USC, waliokuwa wameifunga Alabama 24–14 Birmingham. Upande wa pili wa mizani uko 1966, Alabama iliposhinda mechi zote 11 na kuwekwa ya tatu. Mashabiki wa pale hawajalisahau, na ukilitaja kwenye foleni jiandae kusikiliza.

Ushindi wa 315 katika kazi yake yote ya ukocha, uliompitisha Bryant mbele ya Amos Alonzo Stagg aliyeshikilia rekodi, ulipatikana tarehe 28 Novemba 1981 dhidi ya Auburn, 28–17. Alistaafu mwisho wa 1982 na akafariki tarehe 26 Januari 1983, hata mwezi haujapita tangu mechi yake ya mwisho.

Pengo la pili halihitaji muda mrefu. Ray Perkins aliubomoa wishiboni na kushinda 32 kati ya 48. Bill Curry alishinda 26 na kufungwa 10, rekodi ambayo vyuo vingi vingeitamani, lakini alifungwa na Auburn mara zote tatu, na Alabama hilo halisamehewi. Stallings alikuwa mchezaji na msaidizi wa Bryant, na akiwa kocha wa Texas A&M alimfunga bwana wake 20–16 kwenye Cotton Bowl ya 1968; Bryant akamwinua juu kwa mikono yake. Timu yake ya 1992 iliinyamazisha Miami 34–13 kwa ulinzi mtupu.

Pengo la tatu ndilo lenye mafunzo kwa anayeendesha klabu yoyote. Mike DuBose alichukua ubingwa wa SEC, ligi ya vyuo vya Kusini-Mashariki, 1999, mwaka uliofuata akaporomoka hadi ushindi 3 na vipigo 8. Februari 2002 adhabu ya NCAA, chombo kinachosimamia michezo ya vyuo, ikashuka kwa makosa ya usajili: miaka mitano ya uangalizi, miaka miwili bila mechi za mwisho wa msimu, na nafasi 21 za ufadhili kukatwa. Hapa watu hukosea kuelewa. Kikosi kilikuwa na nafasi 85 za ufadhili. Ukikatwa 21 kwa miaka mitatu, timu ya kwanza inabaki nzuri, kinachokufa ni benchi. Robo ya nne unaumia, na mwezi wa Novemba, majeruhi wakishakuwa wengi, unafungwa. Dennis Franchione alikimbilia Texas A&M. Mike Price alifukuzwa kabla ya kuongoza hata mechi moja. Mwaka 2003 chuo kikamchagua Mike Shula na kumwacha Sylvester Croom, senta na nahodha wa zamani wa Bryant. Mwaka uliofuata Croom akawa kocha mkuu wa kwanza mweusi katika SEC, akiwa Mississippi State, na mwaka 2006 akaja Tuscaloosa na kumfunga Shula 24–16.

Saban aliletwa Januari 2007 kwa mkataba wa miaka minane na dola milioni 32, wiki mbili baada ya kukana hadharani kwamba angekuja. Msimu wa kwanza alishinda 7 na kufungwa 6, mara moja na Louisiana-Monroe. Njia yake wenyewe waliiita mchakato, na ilianzia kwa ushauri wa daktari wa akili wa Michigan State, Lionel Rosen: mchezo mmoja unachukua kama sekunde saba, basi mchezaji ashughulike na sekunde saba hizo na aache kutazama ubao wa alama. Mataji yake sita Alabama ni 2009, 2011, 2012, 2015, 2017 na 2020. Kwetu la kutazama kwa makini ni la 2017: nyuma 13–0 dhidi ya Georgia, wakati wa mapumziko alimtoa robobeki Jalen Hurts na kumwingiza Tua Tagovailoa, kijana wa mwaka wa kwanza, wakashinda 26–23 muda wa ziada. Aliyemlinganisha na Bryant akumbuke kwamba Bryant hadi 1973 alisajili bila kikomo cha NCAA, na asiyecheza kwake hakucheza kwa mpinzani. Saban alikuwa na 85 tu, na wasaidizi wake walichukuliwa karibu kila mwaka. Alistaafu tarehe 10 Januari 2024; siku mbili baadaye Kalen DeBoer akachukuliwa kutoka Washington, na Oktoba yake ya kwanza akafungwa na Vanderbilt 40–35.

Mambo ya vitendo. Siku ya mechi ya nyumbani usipange makumbusho: barabara zinafungwa, maegesho yanajaa asubuhi, na ndani huwezi kusimama mbele ya kioo kwa dakika mbili. Nenda siku iliyotangulia, na thibitisha saa za kufungua kwanza. Uwanjani unaruhusiwa begi linaloonyesha vilivyomo, lisilozidi inchi 12 kwa 6 kwa 12. Septemba jua la Alabama ni kali na viti vingi ni vya wazi. Asiyeweza bei ya tiketi ya msimu asubiri mechi ya mazoezi ya Aprili. Mwaka 2007 watu 92,138 walikuja kumtazama Saban kabla hajaongoza mechi yoyote. Chini ya mnara wa Denny Chimes, ng'ambo ya barabara, manahodha wa kila mwaka wameacha alama za mikono na miguu kwenye saruji. Watoto hupenda kupima viganja vyao hapo kuliko kusoma maandishi ya makumbusho. Ukiwa na njaa, Dreamland wamekuwa wakichoma mbavu tangu 1958, mwaka uleule Bryant alipoanza kazi.

Kosa moja la mwisho ambalo wageni hufanya: kutafuta Tuscaloosa mahali ambapo mambo makubwa ya Bryant yalitokea. Mechi za Auburn kuanzia 1948 hadi 1988 zote zilichezwa Legion Field, Birmingham, ukiwemo ushindi wa 315. Kipigo cha USC cha 1970 ni huko pia. Alabama iliacha kuutumia uwanja huo 2003, na jukwaa lake la juu limeshabomolewa. Uko magharibi ya katikati ya Birmingham, na kwa kuwa uwanja wa ndege wa kawaida kwa ziara hii uko Birmingham, saa moja hivi kwa gari kutoka Tuscaloosa, upitie siku ya kuondoka.